Nusu Saa, Kutoka Bangwe

Yusta alilipa kwa simu, akanipasha kwa simu:
"Mama, Jumamosi usianike. Una nusu saa ya maji."
Nusu saa ya maji!
Kana kwamba ziwa ni bomba,
mtu anakinga, anafunga, anasema basi, yametosha.

Miaka thelathini na mmoja naanika dagaa Kibirizi,
uso kwenye nyavu, kisogo nimelipa ziwa.
Kuogelea sijui.
Mashua nazijua ubavu tu:
napokea ndoo, naondoka.

Kijana wa kuniongoza anaitwa Butoyi,
pacha mdogo; Bukuru yuko Uvinza, kwenye chumvi.
Akanifunga boya kifuani, akavuta mikanda
kama anayekaza mzigo wa Kasulu.
Akanivika uzi mwekundu mkononi.
"Huu umeshika injini. Ukianguka,
mashine inazimika, inakusubiri."
Niliutazama uzi ule.
Nimeanguka mara ngapi, mimi,
na hakuna kilichozimika.

Akakaa nyuma yangu, adabu tupu,
mikono yake ikipita kandoni kushika usukani.
Tukaondoka polepole, kama wageni wanaoingia msibani.
Kisha akaminya,
na Kigoma ikarushwa nyuma
kama maji ya kuoshea vyombo.

Nilipiga kelele. Si jina la Mungu, nisiseme uongo.
Nilisema "Weee!"
kama ninavyofukuza kunguru.

Maji yakanipiga mdomoni, nikalamba.
Hayana chumvi.
Hilo nalijua, kila mtoto wa hapa analijua,
ila ulimi ulikuwa haujaambiwa.
Chumvi yote ya ziwa hili
tunaitia sisi, kwa viganja, kwenye migebuka.

Miamba ya Bangwe imesimama majini,
kanga imekunjwa hadi magotini.
Butoyi akapunguza mwendo, akaelekeza kidole chini:
samaki wadogo, mistari ya njano na buluu,
wanazunguka jiwe lao kama wenye hati.
"Hawa hawaliwi?"
"Hawa, mama, wanatazamwa."
Kumbe kuna kazi hiyo.

Mbele kidogo buluu ikawa nzito, ya kuogofya.
"Hapa ukidondosha jiwe asubuhi," akasema,
"utakula cha mchana bado halijatua."
Maji usiyoyafika hujui wingi wake, tuliambiwa.
Haya, nimeyafika.
Bado sijui.

Akageuza.
Nikaiona nchi kavu ikiwa nzima, mara ya kwanza:
reli inavyofika na kuchoka,
minara, michikichi, mabati ya watu,
na kule pembeni kitu kinachometa
hadi nikafumba jicho moja.
"Nani huyo kaezeka bati jipya namna ile?"
"Ni dagaa," Butoyi akasema. "Ni nyinyi."

Kwamba tunanuka, hilo tunaambiwa,
benki, kliniki, kwenye siti ya basi
mtu anapofungua dirisha bila kutugeukia.
Kwamba tunang'aa,
hakuna aliyewahi kurudi ufukweni akanieleza.

"Dakika sita, mama. Shika wewe."
Akaondoa mikono.
Nilishika. Sikukimbia.
Nilikwenda mwendo wa mtu aliyebeba ungo umejaa,
nikilenga kile cha kumeta,
na Butoyi kimya nyuma yangu,
na uzi mwekundu ukinicheza mkononi.

Yusta akapiga: "Enhe, ilikuwaje?"
Nikamjibu miguu imelowa,
na kwamba hela hiyo angenunua saruji.
Akacheka. Ananijua.

Jumatatu nilianika.
Saa nne hivi mashine ikapita mbali,
ina mgeni mgongoni, kadoa tu.
Sikupunga mkono.
Niliinama, nikawageuza dagaa wote, safu kwa safu,
upande wenye fedha uangalie ziwani.